Ukumbi wa Mji na Harusi ya Anna

Shikamoo Baba,

Nashikilia kwamba sherehe ya dada Anna isifanyike katika ukumbi wa zamani wa mji wa Moshi, ingawa matao na nguzo zake ni fahari ya macho.

Jumamosi niliutembelea. Nilikuwa ghorofa ya chini nikistaajabia nakshi za dari, huku juu wageni wa harusi nyingine wakimpokea ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, kwa kucheza. Boriti zililia, chokaa ikanimwagikia kichwani, nikakimbilia nje. Mlinzi akacheka: "Msomi, huyo ni mbuzi tu ameingia!"

Baba, ukoo wetu hucheza kwa kishindo zaidi. Nawapenda nyote, ndiyo maana naogopa. Nijibu hadharani Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, ili ukoo wote usikie: je, utawapandisha watu kule?

Mwanao, Prosper