Mwenye Jina Hajatupa Udongo

Githongo, Meru
Tarehe 20 Juni 1999

Kwako Mwongera, mtoto wa mama yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa na afya, na kwamba joto la huko India halijakumaliza. Sisi tunapumua. Mama anasumbuliwa na magoti kwa ajili ya baridi ya mwezi huu, lakini hakubali mtu mwingine amkamulie ng'ombe wake. Mimi ni mzima, cherehani yangu ni nzima, na ulimi wangu uko vile vile ulivyouacha. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, si kwa Kimeru. Ukifika chini utajua kwa nini. Na nimeandika kwa mkono nikabandika stempu, kwa sababu ile mashine ya mjini sitaki kuiona tena.

Sasa keti. Kama umesimama, keti. Baba hayuko tena. Alituacha mwezi wa tatu kabla mvua haijaanza, tukamzika pale chini ya kahawa, karibu na migomba. Najua hapa unauliza mbona hukuambiwa. Ninakuja. Usinitukane kabla sijafika.

Unakumbuka mwaka juzi ulituandikia kwamba siku hizi kuna barua za kompyuta zinazofika siku hiyo hiyo. Kaka yetu Kinyua akazunguka mji wa Meru mpaka akampata Murithi, yule mwenye ofisi ya kupiga simu na kutoa kopi, ambaye alikuwa amenunua kompyuta. Anwani ilikuwa moja kwa wateja wote. Barua ikiingia, Murithi anaichapa, anaifuta kwenye mashine, anaandika jina juu, anaitia kwenye katoni, na mtu yeyote wa kwenu akipita anapewa, vile tu barua za posta zinavyokuja kwa sanduku la kanisa na kugawanywa baada ya ibada. Hakuna aliyeona ubaya. Huku kwetu nani amewahi kuulizwa kitambulisho ndipo achukue barua ya nyumbani kwao? Na kwa vile Kinyua hupeleka ndizi sokoni kila Jumamosi, kazi hiyo ikawa yake.

Zile za kwanza tulizipata, tukazisoma, tukacheka. Ukasema unahama nyumba na utatuma anwani mpya. Halafu kimya. Kila Jumamosi Baba alivaa koti lake, akaketi kwa kigoda mlangoni pa jikoni akimngoja Kinyua, na Kinyua akifika anatikisa kichwa, hakuna. Mwanzoni Baba alikutetea, akasema masomo ni mengi. Baadaye akauliza kama mashine imeharibika. Mwishowe akaacha kuuliza, lakini koti la Jumamosi hakuacha kulivaa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilikuandikia kwa anwani ya zamani, hata ya kompyuta nikampa Kinyua akaipeleke, hukujibu. Simu ya kiwanda cha kahawa nayo ilikufa na mvua za El Nino, hata leo haijafufuka.

Tumbo lilipomlaza Baba kabisa, alituita sote, pamoja na wazee wawili wa ukoo na Salesio yule katekista. Akasema kwa sauti yake yote iliyobaki kwamba Mwongera amemtupa akiwa hai, basi asije kumwekea heshima akiwa amekufa. Asiitwe. Asiguse udongo wa kaburi lake. Wewe unajua neno la mtu anayekufa lilivyo kwetu. Ni kirumi, laana ya mwisho, na hakuna wa kuliondoa ila aliyelisema, naye ameenda nalo. Salesio alisema hayo ni mambo ya zamani, Mungu hafungwi nayo, lakini hata yeye sikumwona akienda kutafuta simu. Kinyua alilia kutushinda sote. Nilimwonea huruma, nikampa leso yangu.

Na wewe nilikuchukia, Mwongera. Siku ya mazishi tulipopita mmoja mmoja kutupa udongo, niliangalia pale ambapo ungesimama nikakutukana kimoyomoyo matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwezi wa tano nikasema, kirumi au si kirumi, huyu mtu lazima aambiwe. Si kwa wema. Nilitaka uumie. Nikavaa, nikaenda kwa Murithi na anwani yako ya kompyuta mkononi.

Murithi akashangaa. Aliniuliza kama si sisi tuliosema barua za Mwongera zisichapwe tena, zikiingia tu azifute. Nikamuuliza ni nani alisema. Akaanza kupangusa kompyuta kwa kitambaa kana kwamba ndio kwanza ameona vumbi. Akajibu ni mtu wa kwetu, na mambo ya familia ya watu yeye haingilii. Nikamwambia nitakaa kwenye kile kiti mpaka wateja wake wazeeke. Akasema basi ni bure, kitu kikishafutwa kwa kompyuta kimekwisha, ni kama kuni zilizoungua. Nikamwambia anionyeshe majivu yanakokwenda.

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Pale kwenye kioo kulikuwa na picha ndogo ya pipa la takataka, na alikiri kwamba tangu anunue hiyo mashine hajawahi kulifungua. Akalibonyeza. Woi! Takataka zote za mji wa Meru zilikuwa humo, matangazo, salamu za watu nisiowajua, na katikati yake jina lako, chini tena jina lako, chini tena. Kabla sijasoma hata moja stima ikapotea. Tukakaa pale mimi na yeye mbele ya kioo cheusi, mimi nikiomba, yeye akiniambia nisiguse kitu. Iliporudi pipa lilikuwa bado limejaa. Kuzitoa sasa ndiyo ikawa kazi, maana hakujua njia, alikuwa anajaribu jaribu tu, na moja akaipoteza kabisa kwa kidole chake, nusura nikiume. Zilizobaki zilirudi mahali pake, akazichapa zote, na hata pesa hakuniitisha.

Nilizisoma nikiwa nimeketi kwenye ngazi za duka la jirani, watu wakipita. Ulikuwa unauliza kwa nini tumenyamaza. Ulikuwa unatuma anwani mpya, tena na tena. Ile ya kwanza kati ya hizo tusizozipata ndiyo iliyotueleza juu ya Igoki, msichana wa Ishiara, si wa lugha yetu, anayesomea uuguzi hapo mjini kwenu, mkaoana kwa padre bila kutuma wazee kwao, na ulikuwa unamwomba Baba msamaha kwa hilo. Na humo humo habari ya mtoto. Kwamba Igoki amejifungua mvulana, na kwamba hamkumwita Kevin wala Brian kama wenzenu, mlimwita vile inavyotakiwa kwetu, jina la babake baba. Marete. Na picha yake ulitia. Mashine ya Murithi ina wino mweusi tu, kwa hiyo mtoto alitoka kama aliyegaagaa kwenye makaa, lakini masikio, Mwongera! Masikio ni ya Baba.

Hapo ndipo nililia. Unajua Baba alichokuwa akingoja. Kinyua ana wasichana wanne, na kila mkewe Peninah alipojifungua Baba alikuwa akisimama langoni akiuliza ni nini, akiambiwa anageuka anarudi shambani. Alizoea kusema akishapata wa jina lake hataogopa kufa, atakuwa bado yuko. Na kumbe alikuwa ameshapatikana! Alikuwa huko kwenu anatambaa, naye huku amevaa koti la Jumamosi anangoja kuitwa.

Kinyua nilimkuta akipogoa kahawa. Nikamwekea zile karatasi kifuani. Hakukana. Alisema ile ya mtoto aliibeba mfukoni mpaka langoni, akiwa kweli anataka kumsomea Baba. Akamkuta Kagendo, binti yake mkubwa, anampelekea Baba chai, na Baba akamuuliza mtoto yule, wewe ni yupi kati ya hawa? Msichana anamletea chai kila siku tangu aweze kubeba kikombe, na jina lake Baba halijui. Kinyua akaenda jikoni kwake akaitia barua motoni. Jumamosi iliyofuata akamwambia Murithi azifute. Alisema alitaka Baba akae na kiu kidogo tu, mwezi mmoja, halafu atampa. Lakini angetoa moja, angeulizwa zingine ziko wapi. Siku Baba aliposema lile neno, yeye Kinyua alifungua mdomo aseme ukweli, kikatoka kilio.

Nilimrushia makasi ya kahawa, bahati yake ikamkosa. Nimemwambia mimi na yeye basi. Lakini nitakuambia na hili, maana nani mwingine nitamwambia: hata kumchukia sawasawa siwezi. Nilipozaliwa mimi pia, Baba alisimama langoni akauliza ni nini. Kwangu pia aligeuka akarudi shambani.

Mama nilimsomea zote. Alichukua ile picha nyeusi, akaiita mume wangu, kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa majina ya waume zao, akaigombeza kwa kuondoka bila kumuaga. Halafu akaniagiza nirudie neno la Baba vile lilivyotoka, bila kuongeza wala kupunguza. Nikarudia. Akasema vizuri. Mwongera amekatazwa, na Mwongera hataugusa. Lakini Marete hakukatazwa, na hakuna mtu anayefukuzwa kwenye kaburi lake mwenyewe.

Wiki iliyopita Kinyua alileta saruji afunike kaburi, akitafuta amani. Mama alitoka na kigoda chake cha kukamulia, akakiweka juu ya ule udongo, akaketi hapo mpaka mifuko ikarudishwa stoo. Kaburi halifungwi, amesema, mpaka mwenyewe aje atupe udongo wake kwa mkono wake.

Kwa hiyo mlete. Ndiyo maana nimeandika Kiswahili, ili Igoki ajisomee bila wewe kumtafsiria, kwa sababu ni yeye atakayemshika mtoto mkono mpaka kaburini. Wewe utasimama langoni, Mwongera, hapo hapo Baba alipokuwa akisimama, na hutaingia mpaka wamalize. Mama amesema hivyo, nami sikuweza kumbishia.

Msalimie Igoki, umwambie ana wifi mwenye ulimi mbaya lakini mshonaji mzuri. Nimeshaanza koti dogo, nimelikata kutoka kwa lile la Jumamosi. Nitumie kipimo cha mabega, na utumie kwa posta.

Ni mimi dada yako,
Makandi