Mji wa Bi Margaret

Skärholmen, Jumatano 21 Agosti 1974

Na bado ni mji ule ule. Tangu Rehema wangu arudi kutoka Uingereza, alikokwenda wiki tatu kujifunza Kiingereza, hatuli bila kusikia habari za mto, daraja la mawe, na soko la kila Jumanne lililoanza enzi za wafalme wa zamani.

Amechora ramani ya mji akaibandika juu ya kitanda chake. Nyumba ya Bi Margaret, mwenyeji wake, ameiwekea nyota nyekundu. "Sokoni nilikuwa nambebea kikapu," ananiambia kwa Kiswidi, lugha ya huku tunakoishi. Mimi tukienda dukani hunitangulia hatua kumi, tusionekane pamoja.

Wivu umenikaba, nakiri. Mtoto nimzae mimi, tena mwenye akili kushinda darasa zima, kikapu abebewe mwingine.

Leo imefika barua ya huyo bibi. Nikasema, "Nisomee, usiruke neno." Akasoma, akafika mahali akainua macho kunitazama.

"Endelea, mwanangu."

"Anasema kila siku nilimsimulia Soni."

Soni ni kwetu, mji mdogo wa milimani nilikotoka. Yale niliyomwambia nikimsuka, nikidhani hasikii: watu wa Bumbuli wanavyoteremka na peasi, wa Mombo wanavyopanda na chumvi, wote wakutane gulioni. Bibi anauliza kama kweli mama yake Rehema aliwashinda wauzaji wote kwa kupatana bei.

"Mjibu ni kweli," nikasema. "Na mto wetu una maporomoko. Wake hauna."

Ile nyota bado inaniuma. Kesho nanunua karatasi ya kuchorea ramani ya Soni, kubwa kuliko ile.