Rafu ya M Imepinda

Madam Ndunge,

Niko na wasiwasi mpaka chai haishuki. Kesho asubuhi kamati ya chuo inakuja kuamua kama kituo chetu cha habari za utafiti wa kilimo kitabaki, ama vitu vyote vihamishiwe maktaba kuu na chumba kifungwe. Na wewe haupo.

Tangu tukuzike kule Kathiani, mambo yamekwenda mbio. Mkutubi mkuu mpya alikuja, akatazama rafu zako, akauliza ni nani alipanga ripoti kwa majina ya masoko. Nikamwambia ni wewe, kwa sababu mkulima haulizi nani aliandika, anauliza, "Ya kwetu iko wapi?" Akatikisa kichwa. Vijana wake wakapanga zote upya kwa majina ya waandishi. Madam, huku Ukambani? Mutua, Musyoka, Mutinda, Mumo, Mwanzia... Rafu ya M imepinda katikati, ile ya X imekaliwa na buibui. Ungecheka mpaka ushike mbavu. Mimi sikucheka.

Maana siku ya soko alikuja Mama Syombua wa Ekalakala, yule uliyekuwa ukimsomea ripoti kwa Kikamba huku mkigawana chai ya thamosi yako. Viwavi wameingia mtama wake. Nilitafuta ripoti ya kwao rafu hadi rafu, nikakosa. Akasema tu, "Pole mwanangu, nitarudi," akaenda. Yeye ndiye alinipa pole. Niliona aibu, aki, nikakulilia upya.

Leo nimejifungia humu na kurudisha zote ulikoziweka. Kathiani dirishani, Kangundo baada yake. Ekalakala tu ndiyo nimeileta karibu na mlango, kwa vile wao hutoka mbali. Sijaomba ruhusa ya mtu. Huenda nikafutwa kazi, na unajua nyumbani wananitegemea mimi. Naogopa, Madam. Najaribu kukumbuka ulivyokuwa ukiniambia, "Mwikali, wacha kujikunja mbele ya wakubwa, kwani ni wao wanalima?" Nikikumbuka, woga unapungua kidogo, halafu naogopa tena.

Lakini ripoti ya viwavi nimeipata. Nimempigia Mama Syombua simu, aje kesho asubuhi.

Pumzika, Madam wangu. Nakuahidi kamati ikiingia itamkuta ameketi kwenye kiti chako, nami namsomea. Watangoja nimalize.

Wako,
Mwikali