Bunduki Tuliyopigia Kura

Mjukuu wangu Kyalo,

Hapa Nuu tuko wazima kwa neema ya Bwana, na nyanya yako anakusalimu. Lakini wewe, huko Amerika, kila siku ni picha za bunduki kuukuu za jeshi, eti, "Babu, nichagulie moja ya bei rahisi ya kuwinda." Sasa kwa picha nitajuaje?

Nilipokuwa askari rizavu wa kulinda mifugo, chifu alituletea kama hizo. Tukaomba Mungu, tukapiga kura nani achukue ipi, na hakuna aliyejaribu kukoki yake. Wezi walipokuja, yangu ilikwama. Mbuzi wote wa mjane Kalekye wakaenda. Akaniuliza tu, "Si ulikuwa na bunduki?"

Kuomba, omba. Kisha enda dukani, ukoki mwenyewe, uchungulie mtutu.

Babu yako anayekuombea.