Ulezi Usio na Mchanga

Masasi,
Jumapili, baada ya misa.

Mama, shikamoo.

Najua umelisoma neno hilo la kwanza kisha ukaigeuza bahasha kuangalia kama barua ni yako kweli. Ni yako. Tangu baba akulete nyumbani Pito, nikiwa na miaka kumi na mmoja, shikamoo zangu kwako hazikuwa na jina. Nilisema "shikamoo" nikanyamaza, wewe ukaitikia "marahaba mwanangu," kila mtu akaendelea na shughuli zake. Leo nimeiandika nzima.

Hujambo lakini? Goti linaendeleaje na hii baridi? Nasikia upepo wa huko umeshaanza na watu wanavaa makoti hadi mchana. Na Bibi je, bado anaota moto tangu asubuhi na kugombana na kuku? Sisi huku ni wazima, mimi na mume wangu Bosko. Joto la Masasi nimelizoea, isipokuwa miguu inavimba nikisimama sana darasani. Mimba ina miezi saba. Mtoto anarukaruka, hasa ninapowafundisha hesabu wale wa darasa la tatu. Nadhani naye hazipendi.

Barua hii ameibeba mwalimu mwenzangu ambaye kwao ni Mazwi, anakuja likizo. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe na simu nawajua. Unasema "haya, haya mwanangu, salama," halafu unampa Bibi. Kwa hiyo isome mwenyewe, polepole kwa kidole, kama unavyosoma kitabu cha nyimbo kanisani, wala usimpe mtu akusomee. Haya ni ya kwetu wawili.

Nianze na aibu yangu.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kututembelea pamoja na dada yake. Tangu niolewe nimekuwa nikiwasimulia watu wa hapa habari za ugali wa ulezi, mpaka Bosko akaniambia nipunguze, watadhani Ufipa hakuna kitu kingine. Huku wanakula wali, ugali wa muhogo, mbaazi, chakula kizuri, sina la kulalamika. Lakini unanijua kwa kujisifu. Nikatangaza kwamba Jumapili hiyo ninapika chakula cha kwetu. Nikapata ulezi sokoni kwa mama mmoja anayewauzia watu wa uji wa watoto, nikaupepeta kwenye ungo mpaka makapi yote yakaisha, nikaupeleka mashineni. Unga ulitoka mwekundu, unanukia. Nilirudi nyumbani naimba njiani, mwalimu mzima.

Kwa mboga nikapika ule mchuzi wako wa mgebuka. Nilikuwa na samaki watatu, wale wa kubanika ulionitumia kwa basi, nimewaficha hata Bosko hajui. Nikawaloweka kwenye maji ya vuguvugu, nikatoa miiba, nikakaanga kitunguu na nyanya, nikatia karanga za kutwanga. Karanga hazikutosha, nikaongezea korosho. Usinicheke, huku korosho ndizo ziko kila nyumba. Mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, kijiko kimoja cha samli. Mchuzi ule haukuwa wa marehemu mama, maana sisi samli hatukuwa nayo. Wala haukuwa wa kwenu bondeni, maana ndugu zako wafuga ng'ombe walikuwa hawajui mgebuka ni kitu gani. Uliutunga wewe kwenye jiko letu. Baba alipokuwa akienda Kasanga ziwani kuuza maharage, kitu cha kwanza alichouliza akirudi na samaki ni kama samli bado ipo.

Basi tukakaa, tukasali, tukanawa. Tonge la kwanza tu, kruu. Nikamwangalia mama mkwe, naye kruu. Dada yake alisimamisha taya kabisa, macho ukutani. Bosko akaniangalia mimi. Mama, ugali ulikuwa na mchanga wa kutosha kupiga plasta.

Mama mkwe alikula akamaliza, polepole, akaomba mchuzi mara ya pili. Baadaye tukiosha vyombo wawili tu, akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, kwenu nani alikuwa anaosha ulezi?"

"Kuosha?"

"Kuutoa mchanga. Hata sisi zamani tulipokula mtama, ulipurwa chini kwenye udongo, bila kuosha hauliki."

"Sijui, mama. Mimi sijawahi kuona ukioshwa."

Akacheka kidogo. "Basi kuna mtu alikuwa anakuoshea," akasema, akaendelea kusugua sufuria.

Nilikwenda chumbani nikalia. Bosko akadhani nimeudhika kwa ajili ya wageni, akaanza kunibembeleza kwamba hata yeye ameshakula mchanga jeshini. Sikuwa nalia kwa ajili ya wageni.

Unaikumbuka siku ile, najua. Mimi ndiye niliyejifanya kuisahau. Ulikuwa na siku tatu tu nyumbani kwetu. Ulikuwa umekulia kwenye unga wa mahindi wa mashine na maziwa, ulezi wetu uliupepeta ukauona safi, ukausaga. Ulisonga ugali laini, ukauweka mbele ya baba na mbele yangu. Nikauma mchanga. Nikautema chini, palepale, nikasema, "Mama hakutulisha mchanga." Baba hakunigombeza na hakukutetea. Alivuta sahani yake akala yote, kisha akavuta yangu akala yote, na nilisikia kila alipotafuna. Wewe ulichukua kitambaa ukapangusa chini.

Kesho yake bombani nikawaambia wenzangu kwamba baba ameoa Mama Mchanga. Jina likaenda. Likafika kwa majirani, likafika hadi kanisani, na najua siku uliyolisikia, kwa sababu siku hiyo uliondoka kabla ya baraka ya mwisho. Hukuniuliza. Mpaka namaliza kidato cha nne nilikuwa bado nakuita hivyo nikiwa na rafiki zangu, na wewe bado hukuniuliza. Nisamehe, Mama. Sina maneno mazuri ya kulipamba ombi hili, nisamehe tu.

Ninachokumbuka ni kwamba wiki moja baadaye ugali haukuwa na mchanga hata punje. Nilikasirika! Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Nikawa natafuna taratibu kama mkaguzi wa shule, natafuta kachanga kamoja tu nipate pa kukushika, nikakosa. Nikakosa mwaka mzima. Mwishowe nikaacha kutafuta, nikawa nakula tu.

Sasa juzi, baada ya aibu yangu, nilimpigia Bibi. Sikukupigia wewe kwa sababu niliona haya. Nikamuuliza nani alikufundisha.

"We ulidhani aliota?" Bibi akasema. "Alikuja hapa kwangu analia, debe la ulezi kichwani. Akasema, mama, nifundishe kila kitu alichokuwa akipika marehemu, yule mtoto ataniharibikia kwa njaa. Siku tatu! Baba yako akienda shamba, huyo anakuja. Nikamwonyesha, mwaga kwenye beseni, tia maji, zungusha, mimina ulezi na maji yake kwenye beseni la pili, polepole, mchanga unabaki chini. Rudia. Kila akimaliza ananiletea kiganja kimoja nitafune mbichi nimwambie kama bado upo. Meno yangu mawili yalikwenda kwa ajili yako, mjukuu wangu, na hujawahi hata kuniletea soda."

Nilicheka na machozi yananitoka. Kumbe na uyoga wa masika uliokuwa ukiupika na majani ya maboga, na uji wa ulezi ulionipa nilipougua ukiwa umekamuliwa ndimu, vyote ulivifuata kwa Bibi, kimoja kimoja, ukauliza marehemu alitia chumvi lini na moto uliwaka kiasi gani. Mimi nilidhani Bibi ndiye aliyekuwa akipika anatuletea. Na ile sauti ya maji niliyokuwa nikiisikia asubuhi nikiwa bado kitandani, nilidhani unaosha vyombo. Uliosha ulezi kabla hatujaamka, kila siku, ili nisione, na hukunituma hata mara moja nikusaidie. Ndiyo maana binti wa Pito amefika Masasi na shahada ya ualimu, hajui kuosha ulezi!

Marehemu mama simsahau, na wewe hukutaka nimsahau. Lakini nikukirie jambo moja. Nikijaribu kuikumbuka ladha ya ugali wake, inayonijia ni ya ugali wako. Nilikuwa na miaka tisa alipofariki, nisingeweza kubaki na ladha yake miaka yote hii kama usingekuwa unanipikia. Umenitunzia mama yangu kwenye sufuria, na mimi nikakuita jina la kukutukana.

Na kidato cha kwanza, ulinijazia sanduku michembe, vile viazi vitamu vyenu vya kukatwa na kuanikwa. Nyumbani nilikuwa nakataa kuvigusa, nikisema ni chakula cha watu wa ng'ombe. Bwenini nilivila vyote, wenzangu wakavipenda, wakauliza nani amevitengeneza. Nikasema bibi yangu. Asante kwa michembe ile. Nachelewa kushukuru, lakini asante.

Sasa lililonifanya nikae chini niandike leo leo. Bibi kabla hajakata simu alibadilisha sauti.

"Kama una neno la kumwambia, wahi," akasema. "Anafunga vyungu. Kaka zake bondeni wamemwita. Anasema hapa alikaa kwa ajili ya mume, mume tumeshamzika, na mtoto hana. Akiondoka, mimi ulezi nitaoshewa na nani? Nitafune nini na meno yenyewe hayapo?"

Mama, kama unaondoka kwa sababu umewakumbuka ndugu zako, nenda, ni haki yako, umekaa nasi muda mrefu. Sitakuzuia, na Bibi nitaongea naye. Lakini kama unaondoka kwa sababu Pito huna mtoto, si kweli. Ni mimi niliyekufanya uamini hivyo, siku baada ya siku, kwa shikamoo zangu zile. Tangu Bibi aniambie silali vizuri. Naogopa barua ikifika ukute umeshapanda gari, na umeondoka ukijua kwamba miaka yote ile ulikuwa unampikia mtoto wa mtu.

Unaijua desturi ya uzazi wa kwanza. Mama wa binti ndiye anayekuja kupika uji na kumwogesha mtoto mpaka binti apate nguvu. Mama mkwe aliniuliza tangu mimba ikiwa changa, mama yako atakuja lini? Nikamjibu, mama yangu alifariki. Nilisema kweli, na bado nilikudhulumu. Yeye akaanza kujiandaa kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Baada ya Jumapili ya mchanga nikamfuata nikamwambia nilimjibu vibaya, ninaye mama mwingine, na yeye ndiye aliyekuwa akinioshea ulezi. Akafurahi. "Basi aje," akasema, "mimi nitakuwa mgeni, nitakula tu."

Nimejaribu kuosha kama Bibi alivyoeleza. Mara ya kwanza nilimwaga nusu ya ulezi uwanjani, kuku wa jirani wakasherehekea. Mara ya pili ilikuwa afadhali. Bosko ndiye anayetafuna kunipimia, na anasema bado kuna punje mbili tatu, halafu anaomba apumzike. Mkono wangu haujui kuzungusha, nahitaji kukuona ukifanya.

Nisalimie Bibi sana, mwambie soda yake iko kwa huyu mwalimu. Msalimie Baba Mkubwa na mkewe, na shangazi yangu wa Kasanga, mwambie migebuka aliokupa unitumie waliliwa kwa heshima hata kama ugali ulituangusha. Wasalimie na kaka zako bondeni. Waambie sijawasahau, na kwamba ninakuomba kwao kwanza kwa miezi michache, mengine tutaongea nikishajifungua.

Alhamisi nilikwenda kliniki. Nesi alitaka jina la mtu atakayekuwa nami siku ya kujifungua, atakayeitwa kuja kumpokea mtoto. Nikataja jina lako, Minza. Akauliza, "Ni nani yako?" Nikasema mama. Akaangalia jina langu, akaangalia lako la kabila jingine, akauliza tena, "Mama mzazi?" Nikamwambia, andika mama, dada nesi, basi. Akaandika. Siku hiyo ikifika watafungua mlango na kuliita jina hilo moja tu kwa sauti. Nakuomba uwe pale uitike.

Mimi mwanao,
Yustina