Aliyemwogesha Deo

Jumatano. Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, nguo za mtoto hazijakauka tangu jana. Deo hajambo. Mimi sina uhakika.

Huku kwetu Rulenge, mtoto mchanga huogeshwa na bibi mzaa baba. Mama mkwe wangu amemwogesha Deo kila jioni kwa miezi minne: maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, na uume anausafisha kwa nje tu. Niliona hatakatishi. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, nafundisha usafi. Nilidhani najua.

Jana asubuhi, mama mkwe akiwa kwenye shamba la maharage, nilimwogesha mwenyewe. Nikavuta govi nyuma ili nisafishe ndani.

Halikurudi.

Saa nne kichwa cha uume kilikuwa kimevimba, chekundu. Deo analia, hakojoi. Nilimwita Mama, akatupa jembe, akambeba mjukuu wake hadi zahanati.

Muuguzi aliminya uvimbe taratibu mpaka govi likarudi mbele. Kisha akauliza, kina mama wote kwenye benchi wakisikia, "Nani anamwogesha huyu?"

Nikasema, "Bibi yake."

Haukuwa uongo mtupu. Ndiyo maana ulinitoka kirahisi.

"Bibi, shikamoo. Govi la mtoto mchanga halivutwi! Osha nje kwa maji, litaachia lenyewe akikua. Ukilivuta unamchana, au linabana kama hivi."

Mama aliniangalia mara moja tu. "Marahaba. Nimesikia, mwanangu."

Papo hapo Deo akakojoa, akamlowesha kitenge. Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka.

Njiani alitangulia mbele, Deo mgongoni. Ningefurahi angenigombeza.

Jioni alichemsha maji, akayapima kwa kiwiko kama kawaida, akaweka beseni miguuni pangu. "Mwogeshe wewe, mwalimu. Mikono yangu imezeeka."

Siku zote huniita mama Deo.

Nilimwogesha, nje tu, kwa maji, kama yeye alivyokuwa akifanya tangu mwanzo. Alikaa mlangoni akichambua maharage, hakugeuka. Naona aibu, na hakuna mwingine wa kumtupia.

Kesho ni siku ya kupima watoto uzito, benchi litakuwa na watu wale wale. Nimemwomba Mama twende wote. Sijamwambia kwa nini.

Ulimi uliosema "bibi yake" bila kukwama, utaweza kusema "ni mimi"?