Hao Bata Hawatakua Tena, Njeru

Ndugu yangu Njeru,

Natumaini wewe na mama mko wazima hapo Kibugu, na lile goti lake limetulia. Huku Ghuba mimi niko, nashukuru Mungu. Salamu ziishie hapo, maana nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Picha yako niliiona kabla mwajiri hajachukua simu yangu. Bata watatu kwenye kizimba cha kuku, mabawa yamefungwa uzi, na wewe umechuchumaa kando ukicheka! Eti ni watoto wa bata wa Mama Wanja jirani, uliwaokota bwawani ukikata majani ya ng'ombe. Eti unawalisha unga wa kuku na wanakataa kukua, lakini Krismasi watatosha sufuria.

Wakue waende wapi? Hao ni bata wazima, wa mwituni! Si baba alituonyesha tukichota maji? Utosi mweusi kama kofia, mashavu meupe-meupe, mdomo wa buluu. Mama Wanja ana bata gani wa mdomo wa buluu, haki? Mchana hujificha kwenye matete, jioni hutoka kuchuja mbegu na wadudu majini. Hata nduma zako za kando ya bwawa hawagusi. Na kuna wakati manyoya ya mabawa hung'oka yote pamoja, hawawezi kuruka mpaka yaote mengine. Hapo ndipo uliwakuta, ukaona ni vifaranga. Yalipoota wakataka kwenda, ukaleta uzi. Aibu, Njeru!

Unajua kinachoniuma? Tangu nifike sijavuka lango la nyumba hii. Pasipoti anayo mwajiri. Nikilalamika ananiuliza, "Kwani hushibi?" Nashiba, Njeru. Nashiba sana.

Barua hii anaileta Kagendo, msichana wa kutoka Kaaga huko kwetu, anayefanya kazi nyumba ya pili. Yeye mkataba umeisha, anarudi. Nitamrushia juu ya ukuta.

Msalimie shangazi yetu na mke wako. Mama mwambie nakula vizuri, hayo mengine mfiche.

Sasa inuka, chukua kisu, kata huo uzi, uwarudishe kwenye matete. Ukitoka hapo usikae. Nenda mjini kwa yule wakala aliyenileta huku, umuulize mimi nitafunguliwa lini.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikugombeza,
Muthoni